SOMO LA SHERIA: UGOMVI WA MPAKA, TWENDE WAPI?

Mvua zikikaribia tunashika majembe. Basi na ugomvi wa mipaka ya mashamba nao unaanza. Tuchukue mfano.

Majirani wawili wamepakana kwa mstari wa minyaa. Siku moja minyaa imeng'olewa. Mmoja anasema, "Umeingia kwangu hatua nne." Mwenzake anajibu, "Shamba hili aliniachia baba. Mpaka naujua mimi!" Mmoja anataka kuuza mbuzi apate nauli ya kwenda kushtaki wilayani. Je, lazima aanzie huko? Hapana. Ipo njia ya karibu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kila kijiji cha Tanzania Bara kiwe na Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe ni 7, na kati yao 3 ni wanawake. Halmashauri ya kijiji inawapendekeza. Sisi wanakijiji tunawathibitisha katika mkutano mkuu.

Kazi ya baraza hili ni kupatanisha. Halihukumu wala halimfungi mtu. Wajumbe wanawasikiliza wote wawili. Wanaweza kwenda shambani, kuwauliza wazee na kutafuta alama za zamani, kama mti, jiwe au mfereji. Kisha wanawasaidia majirani wakubaliane wenyewe.

Wako watu wengine, hasa wafanyabiashara, ambao huchagua mwamuzi wao nje ya mahakama. Huyo husikiliza, halafu hukata shauri, nao hufungwa na uamuzi wake. Tusichanganye mambo haya. Tuulize kwanza: "Huyu anatupatanisha, au anatuamulia?"

Tukumbuke mambo manne:

1. Baraza la Ardhi la Kijiji ni la hiari. Mtu asikulazimishe kulitumia.

2. Mkipatana, andikeni. Wekeni tarehe, majina, alama za mpaka na sahihi za wote wawili pamoja na mashahidi. Zamani wengi wetu tuliweka dole gumba kwenye karatasi tusiyoijua. Leo tunajua kusoma. Basi tusome kila neno. Neno usilolielewa, uliza kabla hujatia sahihi. Kila mmoja abaki na nakala yake.

3. Msipopatana, nendeni Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021, katika mambo ya ardhi baraza hilo nalo linapatanisha tu. Siku 30 zikipita bila mapatano, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hilo ndilo linalotoa hukumu.

4. Makosa ya jinai si ya kumalizana chini ya mwembe. Mtu akikatwa panga, au akibakwa, twende polisi na hospitali mara moja.

Sasa tuwarudie majirani wetu. Hukumu ya wilayani ingempa mmoja ushindi, na mwingine angerudi nyumbani na kinyongo. Lakini wakipatana, watapanda minyaa upya kwa mikono yao wenyewe, na mbuzi atabaki zizini. Kesho moto ukishika nyumba, jirani ndiye atakayefika wa kwanza na ndoo ya maji. Wagombanao ndio wapatanao.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Je, kijijini kwetu baraza hili lipo? Wanawake ni wangapi?

2. Kupatanisha na kuhukumu kuna tofauti gani?

3. Mashamba yetu yana alama gani za mpaka? Nani mwingine anazijua?