Mistari kwenye mahindi: ni ugonjwa mpya?

*Bwana agronomu, mahindi yangu hapa Lukafu yana mistari ya njano, na nyasi za pembeni ya shamba pia. Jirani anasema ni ugonjwa mpya. Tutajuaje? Tena, tunaweza kuyala? – Mama mkulima*

Mama, kuleni bila hofu, ila hindi lililoota ukungu litupeni. Virusi vya mimea haviambukizi watu.

Mahindi nayo ni jamii ya nyasi, ndiyo maana ugonjwa huvuka kutoka nyasi hadi mahindi. Mistari myembamba iliyokatika-katika mara nyingi ni ya virusi vya zamani vinavyoenezwa na vidudu warukaji. Shamba zima likifanana, shuku kwanza udongo uliopungukiwa zinki.

Macho hayatoshi kutambua virusi vipya. Mwaka 2011, mahindi ya Bomet, Kenya, yalipokauka, watafiti walisoma chembe za urithi zilizomo kwenye majani na kukuta virusi viwili pamoja: kimoja kilijulikana Kenya tangu zamani, kingine kilikuwa hakijawahi kuripotiwa Afrika. Baadaye hicho cha pili kilionekana Kongo pia. Virusi visipofanana na vyovyote vinavyojulikana, ndipo huitwa vipya, na bado lazima ithibitishwe kwamba ndivyo vinavyoufanya mmea uugue.

Ng'oa mimea iliyougua mapema, palilia nyasi, na msimu ujao panda maharage au karanga hapo. Usihifadhi mbegu ya mahindi hayo.

Majani machanga yakianza kukauka kutoka kingoni, au magunzi yakitoka bila punje, usingoje: funga majani mabichi kwenye karatasi, piga picha, umwone agronomu wa eneo lako. Yeye anaweza kuyafikisha kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Kipopo au kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi.