Somo la Kikundi: Faida ya Kibanda Inaenda Wapi?



Safari hii tunawaletea somo juu ya biashara ya kupika na kuuza chakula. Labda mtauliza: sisi wa kijijini, vibanda vya Kibera na Kawangware vinatuhusu nini? Vinawahusu sana. Maharagwe yanayochemka Gatwekera yalipandwa na watu kama ninyi. Makaa yaliyo chini ya sufuria yametoka kwenye miti ya Kitui, Kajiado au Narok. Na vijana wenu waliokuja Nairobi kutafuta kibarua wanakula hapo mchana. Sufuria ni moja. Ninyi mmeshika upande mmoja, mama wa kibanda ameshika upande wa pili.

Jambo lililotufundisha

Kule Kawangware tunatembelea kikundi cha akina mama kumi na mmoja wanaopika vibandani. Mmoja wao alikopa shilingi 12,000 kwenye mfuko wa kikundi, akapitisha miezi mitatu bila kulipa. Katiba ya kikundi inasema asiyelipa miezi mitatu anachukuliwa vyombo vya kazi. Basi siku hiyo tulipofika, tulikuta wenzake wamekaa kuamua nani aende kuchukua sufuria zake na jiko.

“Dada yetu tunampenda,” mwekahazina alisema, “lakini sheria ni sheria. Hizi pesa ni za sisi wote.”

Lazima tukubali kosa letu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, sisi wenyewe tulihimiza kila mama anunue mtungi wa gesi. Huyu alinunua kwa sehemu ya ule mkopo. Gesi ikaisha baada ya siku chache tu, akashindwa kujaza, akauza mtungi. Nasi tukamwona mzembe! Hatukumwuliza hata swali moja.

Alipopewa nafasi, alisema maneno machache: “Pesa naziona asubuhi. Jioni sizioni.”

Tukawaomba wenzake wampe juma moja. Wawili wakae naye kwa zamu na daftari, waandike kila kinachoingia na kila kinachotoka. Walikubali, ingawa kwa shingo upande.

Tuone: daftari lilisema nini?

Baada ya siku saba daftari lilisomwa mbele ya wote. Mama alikuwa anatumia mikebe minne ya makaa kila siku. Makaa yalikuwa yanakula pesa nyingi kuliko maharagwe yenyewe! Maharagwe yalichemka karibu saa tatu kwa sababu hayakulowekwa. Kila jioni bakuli mbili tatu za chakula zilimwagwa mtaroni. Maji alinunua mitungi sita.

Kukawa kimya. Kisha mwekahazina akasema polepole, “Hata mimi daftari langu likiandikwa, litakuwa hivyo hivyo.”

Kumbe shida haikuwa ya mtu mmoja. Tena si ya Kawangware peke yake. Tuangalie mambo matatu.

*Chakula kinachotupwa.* Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lina makao makuu papa hapa Nairobi, Gigiri. Ripoti yake ya mwaka wa 2024 ilisema kwamba mwaka wa 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05. Ukigawa hizo katika mafungu mia, mafungu 60 yalitupwa nyumbani, 28 yakatupwa na hoteli, mikahawa na wapishi wengine wa biashara, na 12 madukani. Wakati huo huo mamilioni ya watu walilala njaa. Tukitupa chakula tunatupa pia maji, mbolea, mafuta ya lori na jasho la mkulima.

*Moto.* Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo moja ya makaa hula kuni kilo sita hadi kumi. Kwa hiyo mkebe mdogo wa makaa ni mzigo mkubwa wa kuni. Mwaka wa 2018 Serikali ya Kaunti ya Kitui ilikataza makaa yasitolewe nje ya kaunti, na Februari mwaka huo Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Bei ilipanda, na aliyeumia kwanza ni yule anayenunua kwa mkebe. Moshi nao unaua. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 moshi wa majikoni ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani.

*Hali ya hewa.* Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za ukame za Kenya. Halafu Aprili na Mei 2024 mafuriko yakaingia Nairobi na kubomoa nyumba na vibanda kando ya mito. Ukame unapandisha bei ya maharagwe. Mafuriko yanaleta maji machafu hadi mlangoni mwa mpishi.

Tupime: kwa nini iko hivyo?

Tuliwauliza akina mama: kwa nini maskini analipa zaidi? Wakajibu wenyewe. Anayenunua kwa mkebe hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia. Anayenunua maji kwa mtungi hulipa zaidi kuliko mwenye mfereji nyumbani. Hilo si kosa la mpishi. Papa Fransisko alipotembelea Kangemi, jirani ya Kawangware, tarehe 27 Novemba 2015, alisema waziwazi kwamba kuinyima familia maji ni dhuluma kubwa. Kwa hiyo kudai maji ya halali kwa serikali ni kazi ya kikundi pia, wala si siasa tupu.

Lakini kuna sehemu iliyo mikononi mwetu. Tulipofikiri tena juu ya ule mtungi wa gesi, tuliona kosa liko wapi. Gesi haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kuchemsha maharagwe makavu saa tatu, uwe umewasha gesi au makaa. Sisi tulibadilisha moto bila kubadilisha upishi.

Tutende: hatua tano

1. *Loweka.* Maharagwe na githeri vilowekwe usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine safi.

2. *Tumia kikapu cha joto.* Chukua kikapu kikubwa au katoni ngumu. Tandika ndani nguo kuukuu, blanketi au majani makavu ya mgomba, unene wa kiganja. Shona mto wa kufunika juu. Chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa nguvu nusu saa, sufuria imefunikwa. Usipunguze muda huo, kwa maana maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoisha kwa mchemko mkali tu. Kisha tia sufuria kikapuni upesi ikiwa bado inatokota, funika, usifungue kwa saa tatu au nne. Kabla ya kuuza, irudishe motoni ichemke tena. Hapo hata gesi inatosha, maana ni nusu saa na kidogo tu.

3. *Usitupe vumbi la makaa.* Katika biashara ya makaa, gunia la kumi huishia vumbi, na wakati mwingine zaidi. Watafiti wa ICRAF waliwapima akina mama wa Kahawa Soweto waliochanganya vumbi hilo na udongo kidogo na maji, wakafinyanga na kuanika. Kupika githeri ya familia ya watu watano kuligharimu shilingi 3 kwa makaa hayo, shilingi 26 kwa makaa ya kawaida, na 45 kwa mafuta ya taa, kwa bei za wakati ule. Yanawaka polepole, basi yanafaa vyakula vya kuchemsha. Lakini jiko lolote la makaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake huua bila harufu.

4. *Pika mara mbili, kidogo kidogo.* Badala ya sufuria moja kubwa asubuhi, pika ya pili ukishaona wateja wa mchana. Saa ya mwisho punguza bei. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye moto au baridi. Maganda na mabaki yatengwe na takataka nyingine, kama Sheria ya Usimamizi wa Taka ya 2022 inavyoagiza, wapewe wafugaji wa kuku na nguruwe. Karatasi za plastiki za kubebea zilikatazwa tangu tarehe 28 Agosti 2017, basi mwambie mteja aje na bakuli lake.

5. *Nunueni pamoja.* Watu kumi na mmoja wakichanga wanapata gunia la makaa na gunia la maharagwe kwa bei ya jumla. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na ninyi wa kijijini? Pandeni maharagwe yanayoiva upesi jikoni, kama aina ya Nyota iliyotolewa na KALRO. Yakausheni vizuri na kuyahifadhi mahali pa baridi, maana yaliyokaa sana penye joto huwa magumu na hula makaa ya mwenzako. Tafuteni kikundi cha mjini mwuziane moja kwa moja. Anayechoma makaa akate matawi, aache shina lichipuke, na apande mengine.

Ilikuwaje mwisho?

Sufuria hazikuchukuliwa. Kikundi kilibadilisha katiba yake: kabla ya kumnyang'anya mtu vyombo, daftari lake lisomwe kwanza. Mama alishona kikapu chake kwa nguo za mitumba. Makaa yalishuka kutoka mikebe minne hadi miwili, siku nyingine mitatu. Hatutaki kuwadanganya kwamba shida zimeisha. Mvua ikinyesha wateja hawaji, na mara moja maharagwe yalichacha kwa sababu alifungua kikapu mara kwa mara kuchungulia. Hata hivyo amelipa shilingi 7,000, na 5,000 zilizobaki analipa kila juma. Wenzake wanane nao wana vikapu sasa. Wawili bado wanasema chakula kisichokuwa motoni hakiwezi kuiva, nao tunawaacha waonje wenyewe.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika kikundi chetu, kuna mwenzetu tuliyemwita mzembe kabla ya kusoma daftari lake?
2. Kati ya makaa, maji, na chakula kinachotupwa, ni kipi kinachokula pesa zetu zaidi? Tutajuaje?
3. Makaa ya kijiji chetu yanaenda wapi? Miti iliyobaki itatosha miaka mingapi?
4. Ni hatua gani moja tutaanza nayo juma hili? Nani ataifuatilia, na atatuletea habari lini?

Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi. Mkutano ujao msomeane.