Kila Mzazi Aweza Kusoma Kitabu cha Picha

Wako wazazi wengi wema wasiothubutu kushika kitabu mbele ya watoto wao. Mmoja alisoma miaka michache tu. Mwingine macho yamepungua nguvu. Wa tatu hudhani kwamba vitabu ni kazi ya mwalimu. Kwao hao tunapenda kuandika leo, maana kipo kitabu ambacho hata asiyejua herufi aweza kukisoma pamoja na mwanawe, nacho ni kitabu cha picha.

Neno hili si geni katika Kanisa. Mnamo mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, Askofu wa Marseille, aliyevunja picha za kanisani kwa hofu kwamba watu wangeziabudu. Papa alimsifu kwa kukataza ibada hiyo, lakini alimkanya kwa kuzivunja picha. Kwani asiyeweza kusoma vitabuni husoma ukutani kwa macho yake. Hata leo katika parokia zetu, bibi asiyejua herufi hufuata Njia ya Msalaba kituo kwa kituo, tangu hukumu ya Pilato mpaka kaburini, asikose hata kimoja. Je, huyo hasomi? Basi, na akae na mjukuu wake, wasome vivyo hivyo picha za kitabu.

Tuchukue mfano. John Kilaka, Mtanzania, ametunga hadithi za watoto na kuzichora mwenyewe kwa mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Kitabu chake kimoja chasimulia njaa iliyowapata wanyama, na mti uliojaa matunda mabivu yasiyodondoka mpaka mti uitwe kwa jina lake. Wakubwa walikwenda kwa Kobe mwenye hekima kuuliza jina hilo, wakalisahau njiani. Sungura mdogo, waliyemdharau, ndiye aliyelishika. Kitabu hicho kimetolewa pia kwa Kijerumani na Kiingereza, lakini picha hazihitaji mkalimani.

Mtoto akiziona atauliza: mbona wakubwa wamesahau? Hapo baba naye hupata funzo. Ni mara ngapi sisi tumemnyamazisha mdogo kabla hajamaliza kusema?

Namna ya kusoma ni nyepesi. Kwanza, msiharakishe. Mwacheni mtoto afunue kurasa mwenyewe. Mwulizeni anaona nini, mkangoje jibu lake. Akitaja kitu kwa lugha ya nyumbani, msimkemee, bali mwongezeeni jina la Kiswahili. Pili, msichoke kurudia. Mtoto akileta kitabu kilekile jioni ya kumi, huenda ameona ndege nyuma ya jani ambaye ninyi hamjamwona bado. Tatu, baba asimwachie mama kazi hii peke yake. Nne, aliyekwisha jua herufi shuleni na awasomee maneno wadogo zake na bibi yake, nao wamweleze picha.

Vitabu vina gharama, twajua. Lakini familia za Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kununua kimoja kimoja, kisha zikapokezana, mradi mikono ioshwe na kitabu kiwekwe mbali na moshi wa jikoni.

Watasema wengine kwamba simu ina picha nyingi zaidi, tena zinazokwenda. Ni kweli. Lakini mara nyingi simu hupewa mtoto ili anyamaze, na kitabu cha picha hufunuliwa ili aseme. Mtoto asiyezoea kusema na wazazi wake juu ya sungura na kobe, atawezaje kesho kuwaambia hofu yake, au jaribu lililompata njiani?

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Haukuwadai cheti cha shule. Basi, enyi wazazi, baada ya chakula cha jioni na kabla ya sala ya pamoja, tengeni robo saa. Mpakateni mtoto, fungueni kitabu, mkamsikilize.