Kusamehe Si Kunyamaza
Somo la wiki: Mwanzo 42–45, Mwanzo 50:15–21, 2 Samweli 13:1–29

Somo la leo ni gumu kidogo, lakini tusiliruke. Tunaongea juu ya mtu aliyeumizwa akiwa mtoto: aliyepigwa kupita kiasi, aliyefukuzwa nyumbani, aliyenajisiwa na mtu wa ukoo. Wengine tunakaa nao benchi moja hapa Lodwar na kule Kakuma. Wanaimba, wanapiga makofi, lakini usiku hawalali.

Kakuma inajua watoto walioumizwa. Kambi ilianza mwaka 1992, wakati maelfu ya wavulana waliokimbia vita vya Sudan walipofika bila wazazi. Aliyelelewa humo ni Lopez Lomong. Alitekwa kanisani na watu wenye bunduki akiwa na miaka sita. Wavulana watatu wakubwa wakamsaidia kutoroka, wakakimbia siku tatu hadi Kenya. Aliishi Kakuma miaka kumi. Mwaka 2001 akapelekwa Marekani, na familia ya Rob na Barbara Rogers huko New York wakampokea kama mtoto wao. Mwaka 2008 ndiye aliyebeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Hata mama yake, aliyedhani amekufa, alikuja kumpata akiwa hai.

Angalia hapo. Wale wavulana watatu hawakuwa ndugu zake wa damu. Akina Rogers pia hawakuwa. Zaburi 68:6 inatufundisha kwamba Mungu humpa mpweke jamaa. Lakini huwa anatumia mikono ya watu: mtu wa kukushika mkono, mtu wa kukutandikia mkeka, mtu wa kukulipia karo.

Sasa, wengi wetu hatukuumizwa na watu wa mbali. Ni mjomba, baba wa kambo, jirani, hata mtumishi madhabahuni. Hapo ndipo tunapokimbilia kusema, "Samehe tu, mambo yaishe." Wapendwa, hiyo ni sauti ya Absalomu. Tamari aliponajisiwa, Absalomu alimwambia anyamaze kwa sababu aliyemtenda ni ndugu yake. Mfalme Daudi akasikia, akakasirika, halafu hakufanya lolote. Tamari akabaki mpweke, na baada ya miaka miwili damu ikamwagika katika nyumba hiyo hiyo. Kunyamaza hakukuponya mtu.

Yusufu anatuonyesha njia nyingine.

1. Alilia. Alikuwa mkubwa Misri, na ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini, lakini alipowaona ndugu zake alitoka akajificha kulia (42:24, 43:30). Kwa hivyo ukilia, mtu asikuambie ati huna imani.

2. Aliita ubaya ubaya. Katika 50:20 aliwaambia wazi kwamba walimkusudia mabaya, ingawa Mungu aliyageuza. Hakusema ulikuwa utoto.

3. Hakuwaamini haraka. Aliwapima kwanza. Yuda, aliyetoa wazo la kumuuza, alipojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini, ndipo Yusufu alipojitambulisha. Msamaha unautoa wewe mbele za Mungu. Kuaminiwa tena ni kazi ya mkosaji, na anaijenga kwa matendo. Unaweza kumsamehe mtu na bado usilale naye nyumba moja, wala usimwachie watoto wako.

Tuseme pia ukweli wa hapa kwetu. Mtoto akinajisiwa, wazee wanakaa chini ya mti, mbuzi wanahesabiwa, na maneno yanaisha hapo. Mbuzi wataliwa, mtoto atabaki na kidonda chake, na aliyemtenda atabaki katika awi ile ile. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kesi ya namna hii si ya mbuzi. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, kabla hajaoga, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze kabla saa 72 kuisha. Peleka na nguo zake bila kuzifua. Ripoti polisi, au piga simu 116, ni ya bure. Zakayo alipotubu alirudisha alichodhulumu. Anayetubu kweli hawezi kuogopa ukweli usemwe.

Wewe uliyeumizwa, halikuwa kosa lako. Si lazima usimame mbele ya kanisa utoe ushuhuda. Tafuta mtu mmoja mwaminifu umwambie. Kusamehe kunaweza kuchukua miaka. Mungu hakushikii saa. Na wewe ndugu utakayeambiwa, usiulize alivaa nini. Sikiliza, amini, kaa naye.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Mtoto wa jirani akikuambia ameumizwa, utaanza na nini?
2. Kusamehe na kuamini tena vinatofautiana vipi katika Mwanzo 44 na 45?
3. Nani katika ushirika wetu hana jamaa, na wiki hii atakula kwa nani?

Sala: Baba wa yatima, ponya kilichofichwa. Tupe midomo ya kusema kweli na nyumba zenye mlango wazi. Katika jina la Yesu, Amina.