HADITHI ZA UCHAWI NA MALEZI YA WATOTO

Bismillahir Rahmanir Rahim

SUALA: Je, vitabu vya hadithi zenye wachawi, majini na pete za ajabu vyawadhuru watoto wavisomao?

JAWABU: Jawabu ya suala hili haipatikani illa kwa kupambanua namna mbili za maneno. Iko hikaya, nayo hujitangaza tangu mwanzo kuwa ni hikaya. Na uko uzushi, nao hudai kuwa ni kweli, kisha huuzwa kwa fedha. Asiyepambanua haya mawili humnyang'anya mtoto kitabu mchana, na usiku akenda mwenyewe kwa mpiga ramli.

KWANZA: HIKAYA

Watoto wa pwani tangu zamani hulelewa kwa hadithi. Bibi husema "Paukwa," nao huitika "Pakawa," na kwa neno hilo hatta mtoto mdogo ajua kwamba ameingia katika nchi ya hadithi, na kwamba ikisha atatoka. Alfu Lela Ulela imejaa majini na sihiri, na wazee waliisikiliza barazani, kisha wakaondoka kwenda kusali. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka 1952, ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wageuzwa manyani kwa khiana waliyomtendea ndugu yao. Mtoto asomapo hayo hatafuti dawa ya kugeuza watu manyani. Ajifunza ubaya wa husuda.

Walakini hikaya ina sharti zake. Mtoto mdogo asisimuliwe ya kumtisha wakati wa kulala, na akiuliza, "Je, ni kweli?" ajibiwe wazi wala asiachwe na shaka.

PILI: UZUSHI

Mwenye kutaka kuona khatari yenyewe na atazame bara, katika nchi ya dhahabu ya Shinyanga na Geita. Mchimbaji mdogo huteremka shimoni kwa kamba, naye hajui kama mwamba ulio mbele yake una dhahabu au hauna. Huenda akachimba miezi akatoka mikono mitupu, na jirani yake akapata kwa siku moja. Hapo ndipo mganga mwongo apatapo soko: humwambia kwamba dhahabu huvutwa kwa dawa, na kwamba dawa hiyo ni kiungo cha mtu mwenye ualbino.

Khabari za mauaji hayo zilienea tangu miaka ya 2006 na 2007 katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu, ilipokaa Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa Bukombe, wilaya ambayo zamani ilikuwa ya Shinyanga na tangu 2012 ni ya mkoa wa Geita. Mwezi wa Februari 2015, huko Chato, mtoto asiyetimiza miaka miwili alinyang'anywa mikononi mwa mama yake, akaonekana amekufa, na viungo vyake vimekatwa. Watoto wengi walipelekwa katika kituo cha Buhangija mjini Shinyanga, wakakaa mbali na wazazi wao ili wasalimike.

Na vikongwe wa Usukuma waliuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao mekundu. Wekundu huo ni wa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, walioupata mekoni kwa miaka mingi wakiwapikia watoto na wajukuu. Hivyo yule bibi mwenye kusimulia hadithi za wachawi ndiye aliyeuawa kwa jina la mchawi.

Ilhali ualbino ni urithi utokao kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe wana rangi kamili. Ngozi hukosa rangi ya kuikinga, na jua huidhuru hatta ikaweza kupata saratani. Nayo dhahabu ilikuwamo mwambani kabla ya mtu yeyote kuzaliwa. Haisogei kwa damu ya mtoto.

TATU: HUKUMU

Qurani imeutaja uchawi wala haikuusifu. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 102, wenye kujifunza sihiri wanaelezwa kuwa wajifunza la kuwadhuru lisilowafaa. Na katika Sura ya Taha, aya ya 69, mchawi hafanikiwi popote afikapo. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim imehesabu madhambi saba yenye kuangamiza, na sihiri na kuua nafsi bila ya haki yamo pamoja. Na Sura ya At-Takwir, aya ya 8 na ya 9, yamtaja mtoto wa kike aliyezikwa hai, atakayeulizwa siku ya Kiyama kwa kosa gani aliuawa.

NNE: WATU WA PWANI

Asidhani mtu wa pwani kwamba haya ni ya bara peke yake. Neno "ramli" ni la Kiarabu, maana yake mchanga, nayo elimu hiyo ya uwongo ilipanda bara pamoja na hirizi katika njia za misafara iliyotoka pwani. Hatta leo wako waganga wafunguao vitabu vya falaki vinavyonasibishwa na Abu Maashar, wakadai kwavyo kujua ghaibu. Kitabu cha namna hiyo ndicho cha kumwepusha mtoto, kwani hicho hakisemi "Paukwa." Husema, "Leta fedha, ndivyo ilivyo."

NATIJA

Yampasa mzazi mambo matatu. Amwachie mtoto hikaya njema, na amfahamishe kuwa ni hikaya. Asimtaje jirani, wala kikongwe, wala mwenye ualbino, kwa jina la uchawi au la mkosi mbele ya mtoto. Na asiende yeye mwenyewe kwa mpiga ramli, kwa maana mtoto hukisahau kitabu alichokisoma mara moja, wala haisahau njia aliyomwona baba yake akiipita.

Wallahu aalam.