Funguo za Biashara Mikononi mwa Mwingine: Namna ya Kumchagua Mtoa Huduma za TEHAMA Anayeaminika

Huduma za TEHAMA kutoka nje, kwa maana inayotumika katika kijitabu hiki, ni utaratibu ambao biashara, badala ya kuajiri mtaalamu wa kudumu, huingia mkataba na kampuni au fundi anayejitegemea ili atunze kompyuta, mtandao wa ofisi, barua pepe, programu za mauzo na uhasibu, pamoja na seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi mafaili na kuzihudumia kompyuta nyingine. Utaratibu huu unazifaa biashara nyingi ndogo na za kati nchini Tanzania, kwa kuwa ofisi yenye kompyuta kumi au kumi na tano haina kazi ya kumtosha mtaalamu kutwa nzima, ilhali siku mtandao wake unapokwama, ankara hazitoki, stoo haijulikani ina nini na wateja hugeukia duka la jirani.

Wenye biashara wengi humtafuta mtoa huduma huyu kama wanavyomtafuta fundi wa jenereta, kwa kuuliza bei na kusikiliza sifa. Lakini kazi hizi mbili hazifanani. Fundi wa jenereta akimaliza kazi hubeba kisanduku chake cha spana akaenda zake, na hana uwezo tena juu ya mashine hiyo mpaka aitwe. Mtoa huduma za TEHAMA huondoka akiwa bado ana akaunti ya msimamizi, yaani akaunti yenye mamlaka ya kusoma, kubadili na kufuta chochote, na anaweza kuingia usiku wa manane akiwa nyumbani kwake. Kwa hiyo suala la kwanza katika uchaguzi huu ni nani anashika funguo, anazitunzaje, na atazirudishaje siku ya kuachana. Bei hufuata baada ya hapo.

Uzito wa jambo hili ulionekana tarehe 2 Julai 2021, pale kundi la wahalifu la REvil lilipopenya katika VSA, programu ya kampuni ya Kaseya ya Marekani, ambayo watoa huduma za TEHAMA huitumia kuhudumia kompyuta za wateja wao kwa mbali. Kupitia mlango huo wahalifu walisambaza programu hasidi ya kuteka data, yaani programu inayoyafunga mafaili kwa fumbo na kudai kikombozi ili yafunguliwe. Kwa maelezo ya Kaseya yenyewe, wateja wake wa moja kwa moja walioathirika hawakufika 60, lakini biashara zilizokuwa zikihudumiwa na wateja hao na zikapata madhara zilikadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,500. Nchini Sweden, mamia ya maduka ya vyakula ya Coop yalifunga milango kwa sababu mashine za kupokelea malipo hazikufanya kazi, ingawa Coop haikuwa mteja wa Kaseya. VSA ilitumiwa na kampuni iliyokuwa ikizihudumia mashine hizo. Biashara inaweza basi kulinda kila dirisha lake na bado ikaingiliwa kupitia mlango wa mtu iliyemwamini.

Maswali ya kumwuliza mwombaji wa kazi hutoka humo humo. Inafaa aeleze anaingia kwa mbali kwa programu gani na mara ngapi huihuisha. Aeleze kama kila fundi wake ana jina lake la kuingilia au wote hutumia nywila moja inayozunguka ofisini. Aeleze pia kama amewasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani utaratibu unaodai, juu ya nywila, msimbo unaotokea kwenye simu ya mhusika. Inafaa pia aulizwe hufanya nini fundi wake anapoacha kazi. Mtoa huduma makini hujibu kwamba akaunti ya fundi huyo hufungwa siku hiyo hiyo na kumbukumbu ya alivyoingia kwa wateja hupitiwa. Anayejibu kwamba mafundi wake wote ni watu wake wa karibu, kwa hiyo hakuna wasiwasi, ameonyesha kuwa bado hajalifikiria swali lenyewe.

Uthibitisho wa kawaida nao usirukwe: usajili wa kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), namba ya utambulisho wa mlipakodi, leseni hai ya biashara, na majina ya wateja wawili au watatu wenye ukubwa unaolingana na biashara inayotafuta huduma. Ni vyema zaidi kupata mteja mmoja aliyekwisha kuachana na mtoa huduma huyo, maana ndiye anayeweza kusema alivyotendewa siku alipotaka kuondoka.

Namna ya kulipa ina maana kubwa kuliko kiasi kinacholipwa. Anayelipwa kwa kila ubovu hupata riziki vitu vinapoharibika, na hata akiwa mwaminifu kabisa, hana anachopata kwa kuzuia ubovu usitokee. Anayelipwa kiasi kile kile kila mwezi hupungukiwa muda kila anapoitwa, kwa hiyo ana sababu ya kuhakikisha kwamba haitwi. Kwa biashara inayotegemea kompyuta kila siku, malipo ya mwezi ndiyo yanayofaa, mradi mkataba utaje waziwazi kazi zilizomo na zile zitakazotozwa kando, kama vile kununua vifaa au kuhamisha ofisi.

Mkataba huo huwa na sehemu ya viwango vya huduma, na hapa msomaji asome kwa kalamu mkononi. Muda wa kuitikia, yaani muda kutoka mteja anapopiga simu mpaka anapojibiwa, si sawa na muda wa kutengeneza. Wapo wanaoahidi kuitikia ndani ya dakika 30 bila kuahidi popote lini kazi itakwisha. Asilimia nazo huficha mengi: ahadi kwamba mfumo utapatikana kwa asilimia 99 ya mwaka inaruhusu mfumo huo kuzimika saa 87 na ushei, ambazo ni zaidi ya siku tatu na nusu, wakati asilimia 99.9 inaruhusu takribani saa 9 tu. Tena ni lazima kujua saa hizo zinahesabiwa lini. Duka la jumla la Kariakoo linalofanya kazi Jumamosi halisaidiwi na mkataba unaohesabu Jumatatu hadi Ijumaa, na ofisi ya mhasibu ina haki ya kudai uangalizi wa pekee kuelekea tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT.

Yapo yaliyo nje ya uwezo wa mtoa huduma yeyote. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani, na hakuna fundi wa ofisi ambaye angeweza kuirudisha. Mtoa huduma mkweli huyasema hayo mapema, kisha hupendekeza njia ya pili ya intaneti kutoka kampuni nyingine na namna ya kuendelea kuuza wakati mtandao haupo.

Sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote ni nakala rudufu, yaani nakala za data zinazowekwa kando ili zitumike za awali zikipotea. Mnamo Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya iliangusha mifumo ya kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark duniani kote. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na mamlaka yao ndani ya mtandao zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake, lakini kwa kuwa zote ziliunganishwa, zote zilifutika, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa mtandaoni. Kutokana na masalia hayo Maersk ilisuka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Nakala iliyounganishwa saa zote na mtandao ule ule huangamia pamoja na ile ya awali, na diski ya nje inayoachwa imechomekwa nyuma ya seva usiku na mchana iko katika hatari hiyo hiyo. Kanuni inayokubalika ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, na walau moja isiyofikika kutoka mtandaoni.

Maneno ya mtoa huduma kwamba nakala zinachukuliwa kila usiku hayatoshi. Meneja achague faili moja halisi, mathalani ankara za mwezi uliopita, amtake mtoa huduma alirudishe kutoka kwenye nakala, aangalie saa ya ukutani, kisha alifungue mwenyewe na kulinganisha jumla ya chini na ile iliyo kwenye karatasi. Jaribio hili huchukua asubuhi moja, na lifanyike kila baada ya miezi mitatu.

Sheria nayo ina sauti hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtambua mkusanyaji, yaani anayeamua taarifa za watu zikusanywe kwa lengo gani, na mchakataji, yaani anayezishughulikia kwa niaba yake, na inawataka wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hospitali, shule au duka linalotunza majina na namba za simu za wateja ni mkusanyaji, na mtoa huduma anayezitunza taarifa hizo kwa niaba yake ni mchakataji. Kumkabidhi fundi kazi hakumwondolei mwenye biashara wajibu wake kwa watu ambao taarifa zao zimo ndani ya seva hiyo.

Mwisho wa mkataba uandikwe siku ya kuanza mkataba. Iandikwe kwamba nywila zote za usimamizi ni mali ya biashara, kwamba nakala yake hukaa katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la fedha na hubadilishwa kila nywila inapobadilika, kwamba leseni za programu zimenunuliwa kwa jina la biashara, na kwamba makabidhiano yatafanyika ndani ya muda wa notisi bila malipo ya ziada. Kikoa, yaani anwani ya biashara mtandaoni kama zile zinazoishia na .co.tz, ndicho kinachosahauliwa mara nyingi: fundi hukisajili kwa jina lake ili kurahisisha kazi, na siku ya ugomvi barua pepe zote za kampuni huwa mikononi mwake. Mwenye biashara ambaye tayari ana mtoa huduma anaombwa aanzie hapo, kabla ya wiki hii kwisha, kwa kudai aonyeshwe kumbukumbu ya usajili wa kikoa chake na kusoma jina la mmiliki lililoandikwa humo.