Mbasa na Mlango Wake

Tangu mwaka 2012 watu wa milima ya Mbinga na watu wa mwambao wa Nyasa wamekuwa wa wilaya mbili, lakini mvua haikupata habari hiyo. Maji yaangukayo juu ya mibuni ya Umatengo yangali yakishuka ziwani kama yalivyoshuka siku za babu zetu, nayo huchukua kila kitu ambacho watu wa juu wamekiacha wazi. Leo twapenda kusema habari za kiumbe mmoja ambaye maisha yake yamefungwa na maji hayo, yaani samaki aitwaye mbasa.

Wasomaji wetu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay hawana haja ya kuambiwa mbasa ni samaki gani. Kwa ajili ya wengine tuseme kwamba ni samaki mrefu mwembamba, mwenye magamba madogo meupe kama fedha, naye aweza kufikia karibu nusu mita. Huwinda dagaa katika maji ya wazi. Wenzetu wa Malawi humwita mpasa, na wataalamu wamempa jina la Opsaridium microlepis. Jambo la kukumbuka ni hili: hapatikani po pote duniani ila katika Ziwa Nyasa na mito iingiayo humo. Hayumo Viktoria wala Tanganyika. Akiisha kwetu, ameisha ulimwenguni.

Neno hilo si la kutishia watoto. Nchi yetu imekwisha kuona mfano wake. Chura mdogo wa Kihansi alikuwa akiishi mahali pamoja tu, penye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi katika milima ya Udzungwa. Maji yalipogeuzwa kwa ajili ya mitambo ya umeme, na baadaye maradhi ya kuvu yalipomwingia, alitoweka. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Bahati yake ni kwamba mwaka 2000 vyura karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani wakalelewa ndani ya masanduku ya vioo, na vizazi vyao vikaanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Mbasa wa nusu mita, aliyezoea ziwa zima, nani atamfuga katika sanduku la kioo?

Sasa twende mtoni. Perege wa ziwa letu na samaki wadogo wa rangi wakaao mawenyewe hulea mayai kinywani mwa mama, nao hawana haja ya kuondoka ziwani. Mbasa sivyo. Mvua zinapojaza mito, yeye hukusanyika penye midomo ya mito mikubwa kama Ruhuhu, akapanda kwa makundi kutafuta changarawe, mahali penye maji safi yaendayo mbio. Hapo hutaga. Mayai hukaa katikati ya vijiwe, yakipata hewa kutoka katika maji yapitayo. Watoto wakisha kuanguliwa hushuka na mto mpaka ziwani, wakakua huko, na siku yao ikifika nao hupanda.

Kwa hiyo mbasa ana mlango mmoja, na ajuaye mlango ulipo hahangaiki kumtafuta. Atandaye nyavu toka ukingo hadi ukingo kwenye mdomo wa mto aweza kupata kwa usiku mmoja samaki ambao ziwani wangemgharimu siku nyingi; lakini hao ndio majike wenye mayai, ambao hawajataga bado. Mbaya kupita huyo ni yule amwagaye utupa mtoni, kwa maana sumu haibagui mkubwa na mdogo. Wala sisi walaji hatumo nje. Siku za Kwaresima huangukia katikati ya mvua, samaki hutafutwa kwa ajili ya Ijumaa, na ni wachache sokoni waulizao mbasa huyu mwenye tumbo lililojaa mayai alivuliwa wapi.

Labda msomaji atasema: ziwa ni kubwa, nani aweza kulimaliza? Ni kubwa kweli. Lina kilomita za mraba zaidi ya 29,000, na kina chake chafikia mita 700 hivi. Lakini ukubwa huo haumfai kitu samaki ambaye hana budi kupita katika mto. Huko Malawi yuko samaki aitwaye ntchila, naye hupanda mito kama mbasa. Miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa samaki waliovuliwa kwa wingi. Katika miaka ya 1960 uvuvi wake ukaanguka, na mpaka leo haujasimama tena. Jamaa yake wa Viktoria, ningu, alipatwa na mkasa ule ule baada ya nyavu za kigeni kuingia kule mwanzoni mwa karne ya 20 na kutandwa penye midomo ya mito. Maziwa hayo hayakukauka. Mlango tu ulifungwa.

Hayo ni ya watu wa chini. Ya watu wa juu ni udongo. Mteremko ulimwao bila kinga hutoa tope, na tope hujaza nafasi zilizo kati ya vijiwe; mayai hukosa hewa yakafa. Hapo hata mvuvi akiwa mwema kama malaika hawezi kuyaokoa. Huko Malawi, katika mto Linthipe, ambao mashamba yameusonga, mbasa wamepungua sana. Katika mto Bua, upitao ndani ya hifadhi ya Nkhotakota, wangali wakipanda.

Kwa habari ya udongo Wamatengo hawana la kufundishwa na wageni. Wageni ndio waliokuja kujifunza kwao. Katika kilimo cha ngoro mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba juu ya mteremko. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo. Hubaki mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta, mlima ukaonekana kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta mwezi wa Machi, na mahindi hufuata mvua za pili. Maji hutuama shimoni, na tope hubaki pale pale. Wazee waliyashika haya ili wapate kula katika milima walikokimbilia vita vya Wangoni katika karne ya 19; hawakuwa wakimfikiria mbasa, lakini walimlinda. Ngoro ni kazi nzito, na wako vijana wanaoikimbia. Hatuwalaumu upesi, maana mgongo ni wao.

Wala mvuvi mwenye watoto wa kununuliwa sare za shule hashibi kwa hotuba. Haombwi kuacha kuvua. Aombwa kuiacha wazi katikati ya mto, na katika majuma ya kupanda kwa mbasa azipeleke nyavu zake ziwani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekwisha kukataza sumu na baruti, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka mita 60 toka ukingo wa mto au ziwa ziachwe bila shughuli za kuharibu. Lakini afisa mmoja hawezi kulala penye kila mdomo wa mto. Wawezao ni wanakijiji wenyewe, kwa njia ya vikundi vyao vya kulinda uvuvi viitwavyo BMU.

Hapo kuna ugumu mmoja ambao haufai kufichwa. Ruhuhu ni mpaka: Lituhi iko upande huu, Manda ya Ludewa iko upande ule, mkoa mwingine. Lituhi wakiondoa nyavu na Manda wakaziacha zao, mto umefungwa nusu, na watu wa Lituhi watasema, kwa haki, kwamba wamefanywa wajinga. Pande mbili hazina budi kukaa pamoja, na yafaa wakae wakati wa kiangazi, mto ukiwa chini na nyavu zikiwa zimeanikwa, kabla mvua za Novemba hazijaanza.